Mikono ya Watoto Wadogo na Maji ya Kunawa

   

 Yamkini wako waliotazamia kwamba katika siku kama hii pangesemwa juu ya jambo kubwa: historia ya Uislamu katika mwambao wa Tanganyika, au ujenzi wa misikiti, au vijana wapelekwe wapi kusoma. Maneno haya ni juu ya jambo ambalo kila mtu hudhani kuwa amekwisha kulijua, nalo ni namna ya kumfundisha mtoto mdogo kunawa mikono. Sababu ya kulichagua si kutafuta maneno mepesi. Maradhi ya kuhara ni miongoni mwa maradhi yanayoua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano duniani, na mwambao huu wa Rumonge hauko nje ya dunia.

Tazama asubuhi moja katika Minago, asubuhi iliyo kama nyingine zote. Mitumbwi iliyokwenda na taa zake usiku imerudi, na ndagala wameanikwa juani. Mtoto wa miaka minne ametumwa akakae akafukuze kuku. Anafukuza kuku, anaokota samaki, anamgeuza, anamtia mdomoni, anamtema, kisha anamrudisha pale pale. Anacheza mchangani pamoja na wenziwe, na mchanga huo ndio ambao usiku watu wasio na vyoo huuendea kwa haja zao. Jua likipanda, haja inamshika. Anajisaidia nyuma ya nyumba, na dada yake mwenye miaka minane anamtawaza kwa maji ya kopo moja. Dada huyo anafuta mkono wake katika kitenge, anarudi kumenya mihogo. Hapana aliyemwambia neno, maana hapana aliyeona kuwa pana neno la kuambiwa.

Mchana chakula kinaandaliwa, ugali na ndagala kwa mawese. Beseni la maji linaletwa. Anaanza mzee wa nyumba, kwa heshima yake. Anatia mikono, anaisugua kidogo, anaitoa. Wanafuata vijana waliotoka ziwani, ambao magamba ya samaki yangali ndani ya kucha zao. Kisha beseni lile lile linapelekwa upande wa wanawake. Mwisho kabisa, maji yakiwa yamegeuka rangi na kufanya utando juu, ndipo watoto huitwa: Njooni mnawe! Basi mtoto yule wa miaka minne anatia mikono yake katika uchafu wa watu saba, na anapoitoa anaambiwa kuwa amekwisha kunawa. Aheri asingenawa.

Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, ijapokuwa litawaudhi baadhi ya watu, kwa kuwa ndilo mzizi wa mambo mengine yote. Mtoto hawezi kufundishwa kunawa katika nyumba ambayo kunawa kwenyewe ni kuchanganya uchafu wa wakubwa na wa wadogo. Kuna atakayeuliza, je, mtoto amtangulie babake kwenye maji? La, hapana haja ya kuvunja adabu. Waswahili waliofika pande hizi kutoka pwani, wakapitia Ujiji, walikuwa na ada yao ya kumimina. Kijana hushika birika kwa mkono mmoja na tasa kwa mkono wa pili, hupita kwa kila aliyeketi, naye aliyeketi hukinga mikono juu ya tasa. Hapana aliyetia mkono katika maji ya mwenziwe. Akianza mzee au akianza mtoto, kila mmoja hupata maji mapya. Beseni limechukua mahali pa birika kwa ajili ya haraka tu, na haraka hiyo hulipwa na mdogo wa nyumba. Huyo kijana mwenye kushika birika naye hujifunza jambo kubwa, kuwahudumia wazee, ambalo beseni haliwezi kumfundisha.

Sasa kuna jambo katika elimu ya fiqhi ambalo wengi hulichanganya, na kwa kulichanganya huwapoteza watoto. Maji ya ziwa ni maji mutlaki. Ni mengi, yamepita kulatini kwa mbali kabisa, na kwa madhehebu ya Imam Shafi hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika rangi, au utamu, au harufu. Basi atawadhaye ziwani, udhu wake ni sahihi na sala yake ni sahihi. Haya ni kweli, na hapana mwanachuoni wa madhehebu hayo atakayeyapinga. Lakini watu wametoka hapo wakasema kwamba kilicho tohara hakina madhara. Hukumu hiyo haimo katika kitabu chochote. Mwanachuoni hutazama rangi, utamu na harufu kwa kuwa ibada imewekwa juu ya yanayodhihirika. Kiini cha kipindupindu hakina rangi, wala utamu, wala harufu. Mtu aweza kutawadha kwa maji haya akasali ikasihi sala yake, kisha akayanywa maji yayo hayo yakamwua.

Wala haya si ya kudhaniwa. Mwaka 1992 kipindupindu kilizuka Rumonge. Wataalamu waliochunguza walikuta kwamba kunywa maji ya ziwa, na kuoga ndani yake, ndizo njia zilizowafikishia watu maradhi, na kiini chenyewe kikapatikana katika maji ya ziwa. Tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Burundi ikatangaza tena mlipuko wa kipindupindu, nao ulianzia Bujumbura. Na mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipopanda kupita kiasi, yakaingia katika nyumba za watu wa kandokando, na yanapoingia katika nyumba huingia na katika vyoo vyake. Kila aliyekaa kando ya ziwa ajua maji hayo yalirudi yakichukua nini.

Kadhalika huchanganywa udhu na kunawa. Mtoto wa miaka sita aliyefundishwa kutawadha vizuri, hata akajua mpangilio wake wote, aweza kuwa hajafundishwa kunawa. Udhu huondoa hadathi, si uchafu wa chooni uliogandama chini ya ukucha. Tena watu husema: mkono wa kushoto ndio unaostanjia, na wa kulia ndio unaolia chakula, basi wa kulia ni safi. Ni adabu njema, naye Mtume (s.a.w.) ndiye aliyeifundisha. Lakini tazama kopo la chooni. Mkono wa kulia unamimina, wa kushoto unaosha, na kopo ni lile lile, lililoshikwa na kila mtu wa nyumba kwa mikono yote miwili. Komeo la mlango ni lile lile. Na mtoto mdogo hajui kulia na kushoto. Akipewa andazi, hulishika kwa mkono ulio karibu.

Ukirejea katika Suna utaona kwamba mkono ulishughulikiwa sana. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, mtu anapoamka amekatazwa kuutia mkono wake katika chombo cha maji mpaka auoshe kwanza, kwa kuwa hajui mkono ulikuwa wapi alipokuwa amelala. Hebu mtu azingatie sababu hiyo. Hakuambiwa auoshe kwa kuwa ameona uchafu, bali kwa kuwa hajui. Hadithi hii peke yake yatosha kuliondoa beseni katika nyumba ya Mwislamu. Kadhalika Abu Daud na Tirmidhi wamepokea onyo kwa mtu alalaye na shombo ya chakula mkononi bila ya kuiosha. Likimpata la kumpata, asimlaumu mtu ila nafsi yake. Watu walao ndagala mchana na usiku ndio waliostahiki zaidi kulisikia onyo hilo.

Ama jinsi ya kumfundisha mtoto, mfano wake umo katika habari ya Umar bin Abi Salama. Alikuwa mtoto wa Bibi Umm Salama, amelelewa katika nyumba ya Mtume. Siku moja, akiwa mdogo, alikuwa akila pamoja na Mtume, na mkono wake ukawa unatangatanga katika sinia. Mtume hakumpiga, wala hakumfukuza kwenye chakula, wala hakungoja mpaka kesho. Alimwita kwa upole, akamwambia mambo matatu tu: alitaje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Huyo Umar mwenyewe alisimulia baadaye kwamba tangu siku ile hakuacha kula hivyo. Maneno machache, wakati ule ule wa jambo lenyewe, yakitoka kwa mtu aliyekuwa akila naye sinia moja.

Na je, katika Minago mtoto hufundishwaje? Aghalabu hupigwa kofi akionekana na mikono michafu, na akitumwa anawe hutumwa peke yake. Huenda nyuma ya nyumba, akachovya vidole, akavipangusa kwa nguo, akarudi akavionyesha. Amejifunza kuonyesha vidole vyenye maji; kunawa hakukujua. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajifunzi kwa amri. Huiga. Baba akitoka chooni akapita moja kwa moja kwenye mkeka wa chakula, mtoto amekwisha kusoma darasa lake la siku hiyo, na hapana hotuba itakayolifuta.

Hapa ndipo penye ugumu kwa wakubwa, wala si kwa watu wa ziwani tu. Mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari walikufa zaidi kuliko waliozalishwa na wakunga. Madaktari hao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia kwa wazazi. Akaamrisha kila mmoja anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Katika mwezi wa Aprili walikuwa wakifa akina mama 18 hivi katika kila mia; katika mwezi wa Juni walikufa 2 hivi katika mia. Hata hivyo mabwana wengi wa elimu ile walimpinga, maana lilikuwa jambo zito kwa mtu mkubwa kuambiwa kuwa maradhi yalikuwa katika mikono yake.

Jambo la pili ni sabuni. Maji peke yake hayaondoi mafuta, na viini vya maradhi hushikamana na mafuta ya mkono. Katika mji wa Karachi, Pakistan, wataalamu waligawa sabuni katika mitaa ya maskini, wakawafundisha watu kunawa, wakawafuata nyumba kwa nyumba muda wa mwaka mzima. Mwaka 2005 wakatangaza waliyoyaona. Katika nyumba zilizopewa sabuni, kuhara kwa watoto kulipungua kwa zaidi ya nusu, na homa ya mapafu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ikapungua kwa nusu. Na hao ni watu wa kutawadha mara tano kwa siku, kama watu wa hapa. Udhu walikuwa nao tangu zamani. Kilichoongezwa ni sabuni.

Ni ajabu kusikia katika Rumonge kwamba sabuni ni shida. Hii ni nchi ya michikichi. Mawese yanayokamuliwa hapa ndiyo mama wa sabuni. Hupikwa pamoja na magadi makali ya dukani yakawa kipande. Mafuta hutoka hapa yakiwa katika madumu, na mtoto wa mwenye michikichi akala kwa mkono usioona sabuni tangu Ijumaa. Hata hivyo haifai kumcheka maskini, kwa sababu kipande kikiwapo hutengwa kwa kufulia nguo, na mama huogopa kukiacha mikononi mwa watoto kisije kikayeyuka chote. Dawa yake ni rahisi. Kipande kidogo hutiwa katika wavu mkuukuu, wavu wa ndagala wafaa sana, kikafungwa kwa kamba penye mahali pa kunawia. Hakianguki mchangani, hakiyeyuki katika dimbwi la maji, wala hakichukuliwi. Na kikikosekana kabisa, majivu makavu ya jikoni husugua na kuondoa mafuta, nayo hayauzwi.

Na maji? Akina mama wasema kweli kwamba ndoo ya bomba huchukuliwa kichwani, na si haki kummiminia mtoto ndoo nzima. Lakini imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani kiasi cha viganja viwili vya mtu mzima, haifiki lita. Aliyetosheka kwa maji hayo kwa udhu kamili, uso, mikono, kichwa na miguu, amewaonyesha watu kwamba uhaba wa maji si udhuru wa kutokunawa vidole. Kuna chombo ambacho Watanzania hukiita kibuyu chirizi: dumu dogo hutobolewa tundu, huning'inizwa juu ya mti kwa kamba, na kamba nyingine hufungwa katika kijiti kilicho chini. Mtoto hukanyaga kijiti, dumu likainama, maji yakachirizika. Akiondoa mguu, maji yakakoma. Mikono haigusi kitu, na maji ya dumu moja huwatosha watoto wengi. Kisha watoto hukipenda, kwa kuwa ni kama mchezo, na mtoto anayependa kunawa hahitaji kutumwa. Dumu likitungikwa, litungikwe kwa kimo cha mtoto wa miaka minne, si kwa kimo cha fundi. Maji ya bomba ndiyo bora. Lakini hata maji yasiyofaa kunywewa, yakimiminwa pamoja na sabuni, huondoa mengi. Wakati wa kipindupindu yatiwe dawa ya klorini kama waganga wa hospitali wanavyoagiza.

Mwalimu wa madrasa anayo njia tayari mkononi. Yale yale ya udhu, kuosha viganja mara tatu, na kupitisha vidole baina ya vidole, ambako wanavyuoni wamekuita takhlili, ndiyo anayoyataka daktari. Laiti yangefanywa kwa sabuni, tena kwa kuongeza mgongo wa mkono, kidole gumba, na ncha za kucha zikisuguliwa katika kiganja cha pili. Waganga husema kusugua kusipungue sekunde ishirini. Mtoto hana saa, lakini ana alifu, bee, tee. Mtoto akizisoma herufi zote za Kiarabu, 28, kwa utaratibu na bila ya kukimbia, muda huo hupita akiwa angali anasugua, na somo lake la asubuhi likawa limekaririwa. Kucha zikatwe kila Ijumaa. Kukata kucha ni katika mambo ya fitra, na hapana sabuni inayofika chini ya ukucha mrefu.

Neno moja kwa akina mama juu ya watoto wachanga. Wengi hudhani kwamba choo cha mtoto anyonyaye hakina ubaya, na pengine husikika wakilitegemeza neno hilo juu ya dini. Ruhusa iliyomo katika Sharia ni juu ya mkojo wa mtoto mwanamume asiyekula ila maziwa. Huo hunyunyiziwa maji. Ama choo chake ni najisi kama choo cha mtu mwingine, nacho huchukua maradhi kama choo cha mtu mwingine. Mama aliyemtawaza mchanga wake hana budi kunawa kwa sabuni kabla ya kushika mwiko. Na yule dada wa miaka minane, aliyeachiwa mdogo wake, afundishwe kabla ya wote, kwa sababu katika nyumba nyingi yeye ndiye mama wa mchana.

Lililobaki ni la wazee na la walimu. Katika madrasa nyingi za mwambao huu watoto hupewa tende au uji siku ya Maulidi, au maandazi siku ya khitima, nao huja mbio kutoka mchangani na mikono yao ikawa ndani ya sinia kabla ya Bismillahi. Siku kama hizo ndizo za kuanzia. Birika mbili, au dumu mbili zenye vijiti vyake, na vipande viwili vya sabuni ndani ya wavu, vitungikwe mlangoni mwa madrasa. Wazee wapange miongoni mwao nani ataleta sabuni mwezi huu na nani mwezi ujao, na jina lake liandikwe ubaoni ili lisisahauliwe. Watoto wakubwa wawamiminie wadogo. Na mwalimu asimame hapo mwenyewe, akunje mikono ya kanzu, anawe wa kwanza mbele yao, huku wakimhesabia herufi kwa sauti.